Gia za mkono na otomatiki: raha ya kuendesha gari inatoka wapi hasa?

UsukaniMkononi

Wakuu, salaam.

Ubishi wa manyuo (gia za mkono) na otomatiki ni wa siku nyingi na huishia pale pale: mmoja anasema otomatiki ni gari la wavivu, mwingine anasema manyuo ni mateso ya kujitakia. Mimi napenda gia za mkono na sifichi. Ila leo naomba tuulizane jambo lililo nyuma ya ubishi wenyewe: ukishuka kwenye gari huku bado unatabasamu, ni nini hasa kilichokufurahisha?

Wengi watasema mwendo. Sikubaliani nao. Mwendo ukishauzoea hauusikii tena. Kaa kwenye kilomita 120 kwa saa, barabara imenyooka, nusu saa nzima, uone kama kuna kitu kimebaki zaidi ya kelele za upepo. Kinachobaki moyoni ni pale ulipokuwa na jambo la kuamua, na gari likakujibu papo hapo kwa kiasi kile kile ulichoomba. Umegusa breki kidogo, limepungua kidogo. Umekata usukani kidogo, pua imefuata kidogo. Umekanyaga mafuta, umesukumwa kwenye kiti bila kusubirishwa. Gia ina nafasi kubwa kwenye hilo kwa sababu ndiyo inayopanga injini itakujibu namna gani.

Chukueni kona moja ya mteremkoni ambayo mwisho wake hauonekani. Kwenye manyuo kazi inaanza mbali kabla ya kona. Unaona alama ya barabarani, unaona ukingo unavyojikunja, unaona lori linachomoza upande wa pili. Hapo hapo umeshajua hii ni ya gia ya pili. Unashika breki gari likiwa bado limenyooka, unakanyaga klachi, unagusa mafuta ili injini ipande, unachomeka ya pili, unaachia klachi. Ukipatia, gari halishtuki hata kidogo na abiria hajui kama umebadilisha. Unaingia kwenye kona gari limetulia kwenye matairi yote manne, injini iko pale penye nguvu, na mwisho wa kona ukianza kufunguka unakanyaga na gari linaondoka.

Ndani ya tendo hilo kuna hesabu. Tuseme uwiano wa gia ya tatu (injini izunguke mara ngapi ili shafti inayotoka kwenye giaboksi izunguke mara moja) ni 1.4 na wa ya pili ni 2.1. Ukiwa kwenye ya tatu injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kwa mwendo huo huo gia ya pili inataka mizunguko 3,000. Ile 1,000 iliyopungua lazima itoke mahali. Ama unaileta wewe kwa mguu wa mafuta, ama klachi inaivuta kwa nguvu na watu wanainamia mbele. Mguu ukishajua kuipima mizunguko hiyo kwa sikio, bila kutazama dashibodi, unapata furaha ambayo sijaiona kwenye kitu kingine chochote ndani ya gari.

Sasa otomatiki ya kawaida. Inajua mwendo wa gari, inajua umekanyaga mafuta kiasi gani, inajua mzigo ulio kwenye injini. Zote hizo ni habari za mambo yaliyokwisha kutokea. Kona iliyo mbele haioni. Ukiachia mafuta kabla ya kona, yenyewe inaelewa kwamba umetulia, inapandisha gia. Ukiwa katikati ya kona unakanyaga, inaanza kutafuta, inashusha gia mbili kwa mpigo, na nguvu inafika wakati gari limeegemea upande mmoja. Inaweza kuwa imebadilisha haraka sana, lakini imejibu swali ambalo wewe umeshalipita.

Wapo waliojaribu kuipa macho. Rolls-Royce Wraith ya 2013 ilitoka na giaboksi ya gia nane ya kampuni ya ZF, inayosoma ramani ya setilaiti na kuchagua gia kabla gari halijafika kwenye kona. Nawaheshimu kwa hilo, waliona tatizo lilipo. Ila ramani haioni mchanga uliomwagika barabarani wala mwendesha baiskeli aliyeyumba.

Hoja yangu basi ni hii: manyuo ina raha kwa sababu inakulazimisha usome barabara mbele yako, uamue mapema, kisha inakuonyesha matokeo ya uamuzi wako bila kukuficha kitu. Otomatiki yoyote itakayonipa hayo nitaiheshimu. Nyingi nilizoendesha hazikunipa.

Naomba kuwasilisha. Karibuni, hasa mwenye mtazamo tofauti.

FoleniKwanza

Mkuu umeandika vizuri, ila kona yako ya mteremkoni mimi naipata kwa nadra sana. Udereva wangu ni foleni. Mita kumi, simama. Mita tano, simama. Hapo klachi inakula goti la kushoto na hakuna uamuzi wowote wa maana unaoufanya, ni ya kwanza na nyutro, ya kwanza na nyutro.

Kwenye otomatiki naachia breki gari linajongea, nakanyaga linasimama. Akili yote iko kwa pikipiki zinazopenya kulia na kushoto na kwa watembea kwa miguu. Nikifika nyumbani bado nina nguvu ya kukaa na wanangu. Kwangu kutochoka ni sehemu ya raha ya kuendesha, tena sehemu kubwa.

FundiGiaboksi

Naona tunasema "otomatiki" kana kwamba ni kitu kimoja. Kazi yangu ni kuzifungua, na ndani hazifanani kabisa. Raha au karaha inategemea umekalia ipi.

Ya kwanza ni hii ya majimaji. General Motors walileta Hydra-Matic kwenye Oldsmobile za modeli ya 1940, gia nne, bila klachi ya mguu. Wakati wa vita ilifungwa hadi kwenye vifaru vyepesi vya Marekani, M5 Stuart. Hiyo ilikuwa na kiunganishi cha oili tu. Torki konveta, ile inayoongeza nguvu wakati wa kuondoka, ilikuja na Dynaflow ya Buick mwaka 1948. Ndani kuna mapanga ya pande mbili yanayotazamana na oili katikati. Injini inazungusha upande mmoja, oili inasukuma wa pili, na kipande cha katikati kinairudisha oili kwa pembe inayoongeza nguvu, mara nyingi hadi karibu mara mbili gari linapoanza kuondoka. Ndiyo maana otomatiki hupanda kilima kwa ulaini namna ile. Kasoro yake ni kuteleza: injini inapanda kwanza, gari linafuata. Kero anayoieleza mwanzisha uzi kwa sehemu kubwa inaanzia hapo.

Lakini wahandisi hawakulala. Ndani ya konveta kuna klachi inayoifunga isiteleze, na kwenye giaboksi za kisasa kama ZF 8HP iliyotoka 2009 inafunga mapema, gari likishaanza kwenda tu. Ikishafunga, injini na magurudumu vimeshikana sawasawa na kwenye manyuo. Mtu aliyeendesha gia nne za zamani kisha akazihukumu zote hajatenda haki.

Ya pili ni ya klachi mbili. Wazo ni la Mfaransa Adolphe Kégresse, miaka ya 1930. Porsche waliitumia kwenye magari ya mbio miaka ya 1980, na Volkswagen Golf R32 ya 2003 ndiyo iliyoifikisha kwa mnunuzi wa kawaida. Klachi moja inabeba gia ya 1, 3 na 5, nyingine ya 2, 4 na 6. Ukiwa kwenye ya tatu, ya nne imeshachomekwa inasubiri, kwa hiyo kubadilisha ni klachi moja kuachia na nyingine kushika. Hakuna mkono wa mtu utakaoifikia. Tatizo ni kwamba inabahatisha. Ikiwa imeandaa ya nne na wewe ukataka ya pili, utaisikia inasita. Na FoleniKwanza sikiliza: hii haipendi kujongea jongea, kwa sababu kila kujongea ni klachi kusuguliwa. Zenye klachi kavu (isiyopozwa kwa oili) ndizo zinazoletwa kwangu zaidi.

Ya tatu, CVT. Hakuna gia, kuna puli mbili zinazojitanua na kujibana na mkanda kati yake. DAF walianza nayo kwenye 600 ya mwaka 1958, kwa mikanda ya mpira. Nyingi za leo zina mkanda wa chuma. Injini inakaa kwenye mizunguko inayoifaa na mwendo unaifuata. Kwa matumizi ya mafuta ni nzuri. Kwa sikio inakera, maana unakanyaga, injini inalia kwa sauti ile ile, mwendo unakuja baadaye. Toyota mwaka 2018 waliweka gia halisi ya kuondokea ndani ya CVT yao ili mwanzo usiwe wa kuvutika. (Prius msiichanganye humu. Wanaiita CVT lakini haina mkanda, ina seti ya gia na mota mbili za umeme, na ni moja ya vitu vilivyobuniwa kwa akili kubwa niliyowahi kuvifungua.)

Ya nne ni giaboksi ya mkono kabisa, ila kuna mtambo unaokanyaga klachi na kuchomeka gia kwa niaba yako. Kwenye magari madogo mara nyingi inawatingisha watu vichwa. Kwenye malori ni habari nyingine. I-Shift ya Volvo ilitoka 2001, na dereva wa lori lenye gia 12 anamaliza safari bila mguu kufa ganzi.

Nyongeza ya karakana. Wa otomatiki, msiamini oili ya "maisha". ZF wenyewe wanapendekeza ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Gari nyingi zinazoitwa nzito zina oili iliyokwisha tu. Wa manyuo, ondoeni mguu juu ya klachi na mkono juu ya gia mkiwa mnatembea. Beringi ya klachi na uma wa ndani wa kuchagua gia vinaliwa taratibu na hamjui.

KonaBaadaYaKona

Niongezee upande wa mashindano, hasa Formula 1, maana huko ubishi huu ulipimwa kwa saa.

Mwaka 1989 John Barnard aliwachorea Ferrari gari la 640, lenye vibao viwili vya kubadilishia gia nyuma ya usukani badala ya mkono wa gia. Mbio zake za kwanza zilikuwa Brazil na Nigel Mansell akashinda. Msimu uliobaki giaboksi ile iliwaangusha mara kwa mara, lakini faida yake ilishaonekana na kila mtu: dereva hatoi mkono kwenye usukani katikati ya kona, wala hachomeki gia isiyo yake akaua injini.

Miaka miwili baadaye, Brazil hiyo hiyo, Ayrton Senna alikuwa kwenye McLaren MP4/6 ya gia za mkono. Gia zikaanza kumpotea hadi mizunguko ya mwisho ya mbio akabaki na ya sita peke yake. Fikirieni kona za polepole za Interlagos, uwanja wa mbio hizo, kwa gia ya sita, bila injini kuzima. Alishinda mbele ya Riccardo Patrese, akiwa amechoka kiasi cha kusaidiwa kutoka kwenye gari. Gari lile ndilo la mwisho la gia za mkono kuchukua ubingwa wa Formula 1. Mwaka 1992 ubingwa ulikwenda kwa Williams wa vibao.

Hao hao Williams mwaka 1993 walijaribu CVT kwenye FW15C, David Coulthard akiwa kwenye usukani. Kanuni zikaipiga marufuku kabla haijagusa mbio hata moja. Nashukuru, kwa kweli. Injini ya mbio inayolia kwa noti moja kwenye kona na kwenye mnyooko ingeniondolea sababu ya kwenda kusikiliza.

Kwa saa, basi, manyuo ilishashindwa. Lakini tazameni yaliyowapata Porsche. Mwaka 2013 walitoa 911 GT3 mpya kwa PDK tu, klachi mbili, kwa hoja kwamba ina kasi zaidi. Ni kweli ina kasi zaidi. Wapenzi wa gari wakalalamika. Mwaka 2016 ikaja 911 R, gia sita za mkono na hakuna chaguo lingine, magari 991 tu. Mwaka 2017 GT3 yenyewe ikarudishiwa gia za mkono kwa anayezitaka. Watu wenye uwezo wa kununua gari lenye kasi zaidi wakawa wanaomba lenye kasi ndogo zaidi. Walichokuwa wanakidai ni kazi yao.

UsukaniMkononi

Mfano huo wa GT3 umenigusa, mkuu. "Walichokuwa wanakidai ni kazi yao" ndicho nilichokuwa nakitafuta kwenye aya zote zile.

FoleniKwanza, foleni sina ubishi nayo. Hakuna cha kusoma mbele isipokuwa namba za gari lililo mbele yako. Huko otomatiki inastahili nafasi yake yote.

Fundi, shukrani kwa darasa. Nakubali kwamba torki konveta iliyofungwa inajibu vizuri, na ukiwa na vibao nyuma ya usukani unaweza kuchagua ya pili kabla ya kona kama kwenye manyuo. Kwa hesabu yangu hapo umepata zaidi ya nusu ya raha, kwa sharti moja: gari likutii. Yapo yanayokupa vibao, kisha mizunguko ikifika juu yanapandisha gia yenyewe, au ukiachia mafuta kwa muda yanarudi kwenye D (kujibadilishia gia yenyewe) bila kukuuliza. Hayo yamekupa kitufe, uamuzi yamebaki nao. Yanayoshikilia gia uliyoichagua hadi injini igonge kikomo nayapenda.

Na niseme pia jambo ambalo wenzangu wa manyuo hatupendi kulisema. Zipo manyuo zisizo na raha yoyote. Mkono wa gia unalegea hujui umechomeka ya tatu au ya tano. Klachi inashika mahali fulani, hujui ni wapi. Na kwenye magari mengi ya karibuni, ambayo mafuta yanatawaliwa na kompyuta, unaachia pedeli lakini mizunguko inakawia kushuka, kwa sababu injini imepangwa hivyo ili kupunguza moshi mchafu. Unakanyaga klachi kupandisha gia na injini inaning'inia juu. Hapo hata mkono wako ukiwa hodari, gari linakujibu kwa kuchelewa, ule ule ugonjwa niliousema kwa otomatiki.

Nissan 370Z ya 2009 ilikuwa na kitu cha pekee: manyuo inayokupandishia mizunguko yenyewe ukishusha gia. Inapatia kila mara. Kwangu imenichukulia sehemu tamu kuliko zote, ila walikuwa waungwana, kuna kitufe cha kuizima.

Mkitaka kujua gari linalojibu, Mazda MX-5. Tangu 1989 injini zake hazijawahi kuwa za kutisha. Ni jepesi, mkono wa gia ni mfupi na unaingia kwa mlio unaousikia mkononi. Unaweza kulitumia lote, hadi mwisho wa uwezo wake, ukiwa ndani ya mwendo wa kisheria.

MwalimuWaUdereva

Nafundisha wote, wa manyuo na wa otomatiki, basi niseme ninachokiona nikiwa kiti cha pembeni.

Mwanafunzi wa manyuo mwanzoni macho yake yako kwenye gia. Klachi inakula akili yote, kioo hakitazamwi, anayekuja kulia haonekani. Wa otomatiki anaanza kutazama barabara siku ya kwanza. Mnaosema manyuo inafundisha kusoma barabara, ni kweli, lakini ni baada ya klachi kuingia mwilini. Kabla ya hapo inafanya kinyume.

Ndiyo maana nawaanzisha hivi: sehemu tambarare, injini imewaka, hakuna kugusa mafuta kabisa. Achia klachi polepole mpaka gari lianze kujivuta lenyewe. Kanyaga tena. Rudia hadi mguu ujue pale inapokamata. Kubalansi mlimani kunakuja baadaye na hakumtishi tena, kwa sababu mguu unajua. Siku anapoondoka kilimani bila kurudi nyuma na bila injini kuzima, uso wake unabadilika. Sijawahi kuuona uso ule kwa mwanafunzi wa otomatiki, hilo nakiri.

Uingereza aliyefaulu kwa otomatiki leseni yake ni ya otomatiki tu, wa manyuo anaruhusiwa zote mbili. Mimi nauona ni utaratibu wa haki.

Na kwa wote: mteremko mrefu, usitupe nyutro. Wa manyuo wanajua kushusha gia, wa otomatiki wengi hawajui kama na wao wanaweza. Peleka mkono wa gia kwenye L au 2 (gia za chini), au kwenye modi ya kuchagua mwenyewe, injini ilizuie gari. Breki zikishikiliwa mteremko mzima zinapata moto, na zikishapata moto unakanyaga hazishiki.

GotiLaKulia

Nimesoma kimya kimya ila nadhani na mimi nina la kusema. Mguu wangu wa kushoto haufanyi kazi tangu utotoni. Gari la klachi tatu... samahani, la pedeli tatu kwangu ni gari la kuangalia tu. Otomatiki ndiyo iliyonitoa kiti cha abiria.

Mwanzisha uzi umesema raha ni kuamua na gari likujibu. Naendesha hivyo kila siku. Nasoma kona kwa breki na usukani. Napima ni wapi nianze kupunguza ili nisiguse breki mara mbili. Nimeisoma giaboksi yangu, najua nikishikilia mafuta kidogo badala ya kuachia yote haipandishi gia kabla ya kona. Nimejifunza tabia yake kama mnavyojifunza klachi zenu. Kwa hiyo nikisikia "otomatiki si kuendesha" naumia, kwa sababu nafanya kazi yote inayobaki, na iliyobaki si ndogo.

UsukaniMkononi

GotiLaKulia, hiyo ya kushikilia mafuta kidogo ili isipandishe gia ndiyo udereva wenyewe. Umeifanya giaboksi isiyoona kona iitumie kona unayoiona wewe. Nimefurahi umeandika.

UmemeKimya

Mbona hakuna aliyegusa magari ya umeme? Mengi yana uwiano mmoja tu, hakuna cha kubadilisha. Porsche Taycan ni kati ya machache yenye gia mbili, tena ni kwa mota ya nyuma peke yake.

Kwa kigezo cha "linajibu papo hapo" la umeme linashinda yote, maana mota inatoa nguvu zake tangu haijaanza kuzunguka. Ukiachia pedeli mota inageuka kuwa breki na kurudisha umeme kwenye betri, na kwenye baadhi ya magari vibao vya usukani vinachagua breki hiyo iwe kali kiasi gani. Unaingia kwenye kona kwa mguu mmoja. Ni ustadi kamili na unachukua muda kuupata.

Kinachopungua ni taarifa. Hakuna sauti inayopanda, kwa hiyo mwendo unakuzidi bila kujua. Hyundai Ioniq 5 N ya 2023 imeweka gia nane za kuigiza: ukivuta kibao, mota inakatishwa nguvu kidogo kama giaboksi inabadilisha, na sauti inatoka kwenye spika. Wengi wanaliita kichezeo. Mimi naliona lina kazi: sikio linakuambia uko mwendo gani bila kushusha macho, na kushusha "gia" kunakupa kiasi cha breki unachokijua. Uongo wa sauti sijali, taarifa inayobebwa ni ya kweli.

KonaBaadaYaKona

Umeme, hapo kwenye sauti tutabishana sana. Sauti inayotoka kwenye spika inaweza kubadilishwa kesho kwa programu mpya. Ya injini inatokana na kinachotokea ndani yake, na ikianza kuumwa utaisikia. Ila hoja ya taarifa nimeielewa.

NdioKwanzaNanunua

Wakuu, mnanichanganya na kunifurahisha. Nanunua gari langu la kwanza. Siku za kazi ni foleni, mwisho wa wiki ni safari ndefu zenye milima. Je, ni kweli manyuo inakula mafuta kidogo? Na nikienda kujaribu gari, nitajuaje kama litanipa hiyo raha mnayoisema?

FundiGiaboksi

La mafuta: zamani ilikuwa kweli, konveta ilikuwa inateleza na gia zilikuwa tatu au nne. Otomatiki ya kisasa yenye gia nyingi na klachi ya kufunga konveta mara nyingi inalingana na manyuo au inaishinda. Mguu wa dereva unabadilisha matumizi kuliko giaboksi. Usinunue manyuo kwa sababu hiyo.

UsukaniMkononi

La kujaribu gari nitajibu mimi.

Usijaribu mwendo mkubwa, hautakuambia kitu. Tafuta barabara yenye kilima, kona kadhaa na sehemu ya kusimama na kuondoka. Kwenye otomatiki, tembea kilomita 50 kwa saa mguu ukiwa mwepesi, kisha kanyaga mafuta nusu, usikanyage yote. Hesabu kimya kimya gari linachukua muda gani kukuelewa. Halafu achia mafuta ukikaribia kona, utazame inapandisha gia au inashikilia. Weka modi ya kuchagua mwenyewe, uone kama inakutii au inakupinga. Kama ni CVT, panda kilima na redio ikiwa imezimwa, usikie kama mlio ule utaweza kuishi nao miaka mitano.

Kwenye manyuo, kaa kwanza injini ikiwa imezimwa na upitishe gia zote, macho yakiwa mbele. Ukikosa ya tatu au ya tano mara kwa mara, liache. Ukiendesha, panda kutoka ya pili kwenda ya tatu polepole, usikilize kama mizunguko inashuka mara tu ukiachia mafuta. Shusha gia kwa kugusa mafuta hata kama hujazoea, pedeli za breki na mafuta zikiwa mbali mno utaona mguu unahangaika. Kisha ingia kwenye foleni makusudi, robo saa. Goti likilalamika ndani ya robo saa, kwa ratiba yako ya siku za kazi chukua otomatiki yenye torki konveta na vibao vinavyotii, na milima ya mwisho wa wiki utaifurahia bado.

NdioKwanzaNanunua

Nimeelewa, asanteni sana wote. Nitajaribu yote mawili kabla ya kuamua, mrejesho nitauleta hapa.

FundiGiaboksi

Kabla hujaenda, mwambie muuzaji asiliwashe gari mpaka ufike. Giaboksi ya otomatiki yenye matatizo mara nyingi inajitangaza ikiwa baridi: unaweka D inakawia, kisha inagonga. Na nyingine inaanza kuteleza ikishapata joto, kwa hiyo liendeshe angalau nusu saa kabla hujazungumza bei.